Mfanyakazi akiugua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na waajiri na wafanyakazi wa Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya yanatoka kwa wenye maduka ya Mwanjelwa na Miyomboni, wasimamizi wa mashamba ya chai ya Mufindi na Rungwe, wenye viwanda vya mbao Mafinga, na wafanyakazi wao. Wengi huuliza wakiwa wameshagombana. Karibu kila ugomvi umeanzia mahali pamoja: ugonjwa umechanganywa na utoro. Mambo haya mawili yana njia tofauti kisheria. Mwajiri anayeyachanganya humfukuza mgonjwa kana kwamba amekosa, au humvumilia mtoro kana kwamba anaumwa, na huko kote kunamgharimu.

Sheria itakayotajwa zaidi ni Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na Kanuni za Utendaji Bora zilizotoka mwaka 2007 kwa Tangazo la Serikali Namba 42. Watumishi wa serikali na halmashauri wana kanuni zao za utumishi wa umma, hivyo wamwone afisa utumishi wao.

Mfanyakazi akiugua ana haki ya siku ngapi?

Angalau siku 126 katika kila mzunguko wa likizo. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara wote, siku 63 zinazofuata analipwa nusu. Ndivyo kinavyosema kifungu cha 32 cha sheria ya mwaka 2004.

Namba 126 wengi wanayo kichwani. Kinachowapita ni urefu wa mzunguko wenyewe: miezi 36, tofauti na likizo ya mwaka ambayo mzunguko wake ni miezi 12. Ndiyo maana utakuta mfanyakazi anaamini siku zake zinaanza upya kila Januari, na mwajiri wake anaamini zile 126 ni za ajira nzima. Wote wawili wamekosea.

Chukua binti aliyeajiriwa kwenye duka la pembejeo Uyole tarehe 1 Machi 2023. Mzunguko wake wa kwanza unaisha mwisho wa Februari 2026. Tuseme mwaka 2024 alifanyiwa upasuaji akapumzishwa siku 50, kisha mwaka 2025 akaugua tena siku 20. Jumla ni 70. Siku 63 alipaswa kulipwa zote kamili, 7 kwa nusu. Zimebaki siku 56, zote za nusu mshahara. Tarehe 1 Machi 2026 hesabu inaanza upya.

Malipo haya hukokotolewa kwa mshahara wa msingi. Posho ya usafiri au ya chakula si lazima iendelee, labda mkataba useme hivyo. Hapo nina ombi kwa waajiri: mfanyakazi anapokaribia siku ya 63, mwambieni. Mtu anayelipwa 400,000 kwa mwezi na ana kodi ya nyumba na ada ya mtoto asije akagundua kuwa amelipwa 200,000 kwa kusoma meseji ya benki akiwa kitandani. Sheria inakuruhusu kulipa nusu, lakini kumjulisha mapema hakukugharimu chochote.

Je, mfanyakazi mpya naye anahesabiwa?

Mwenye ajira ya chini ya miezi sita hana haki ya likizo yenye malipo kwa sheria hii, ikiwemo ya ugonjwa. Hii haina maana kwamba akiumwa ni mkosaji. Anapumzika, anarudi, suala ni malipo tu. Waajiri wengi wazuri ninaowafahamu humlipa siku mbili tatu hata kabla ya miezi sita, na wanaliandika hilo kwenye mkataba ili lisigeuke upendeleo wa bosi kwa anayempenda.

Karatasi ya ED ni ya lazima? Na ni ya nani inayokubalika?

ED, ile karatasi ambayo daktari anaandika siku za kupumzika, ndiyo inayofungua malipo. Sheria inasema mwajiri halazimiki kulipa siku za ugonjwa kama mfanyakazi hakuleta cheti cha tabibu. Cheti hicho kitoke kwa daktari aliyesajiliwa au mtoa tiba mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na mwajiri hapaswi kukataa bila sababu ya msingi.

Maneno hayo ya mwisho yana uzito mkubwa huku kwetu. Mtu aliyekwenda kwao Makete au Ileje akaugua hukohuko, anatibiwa zahanati ya kijiji. Pale anayemwona mara nyingi ni tabibu au muuguzi, na karatasi atakayopewa inaweza kuwa ya daftari, imekunjwa mara nne mfukoni, muhuri umefifia kwa mvua. Akifika nayo Mbeya mjini, ofisi inaisukuma kando: "Leta ya hospitali ya rufaa." Huko ni kukataa bila sababu. Zahanati ya serikali ni kituo halali cha tiba. Ukiwa na shaka, tazama kama kuna jina la kituo, jina na saini ya aliyemtibu, tarehe ya kuonwa, idadi ya siku na muhuri. Vitu hivyo vitano vikiwepo, karatasi imekamilika, hata kama mwandiko unasomeka kwa shida.

Yule anayetumia dawa za asili kwa mganga ana kazi zaidi ya kueleza. Mwajiri anaweza kumkubali mtoa tiba huyo, lakini ushauri wangu kwa mfanyakazi ni kupita zahanati pia, hata kama roho yako iko kwa mganga, ili ubaki na karatasi isiyobishaniwa.

Naumwa mafua ya siku moja tu. Nayo nilete karatasi?

Kwa sheria, malipo yanategemea cheti bila kutaja idadi ya siku. Kwa busara, mwajiri anayemlazimisha mtu mwenye mafua ya Julai apande daladala hadi hospitali, akae foleni tangu saa moja asubuhi, alipie kumwona daktari, ili mradi apate karatasi ya siku moja, anapata siku mbili za kukosa mtu badala ya moja. Sehemu nyingi hukubaliana kwamba siku moja, au hata mbili, zinatosha kwa taarifa ya simu, na kuanzia siku ya tatu karatasi iletwe. Mkikubaliana hivyo, andikeni.

Taarifa ya kuumwa itolewe kwa nani, na kwa njia gani?

Kwa msimamizi wako wa karibu, kabla ya muda wa kuanza kazi, kwa simu au ujumbe. Ujumbe una faida moja: unabaki. Ukipiga simu, tuma na ujumbe mfupi baadaye.

Mwajiri naye ajue mazingira. Kuna vilima Mufindi na Kilolo ambako mtandao unapatikana kwa kupanda mahali fulani tu, na mtu mwenye homa kali hapandi popote. Kubalini kuwa mke, kaka au jirani anaweza kutoa taarifa. Nimeona barua ya onyo aliyoandikiwa mtu ambaye taarifa yake ililetwa na mtoto wake wa shule hadi getini, mlinzi akaipokea, ikaishia kwa mlinzi. Mlinzi hakuwa ameambiwa ampelekee nani. Kosa hilo lilikuwa la ofisi.

Naweza kuipigia hospitali kuhakikisha kama ED ni ya kweli?

Unaweza kuuliza kama karatasi imetolewa pale. Kuuliza anaumwa nini, hapana. Hiyo ni siri ya mgonjwa na daktari wake. Kwa kawaida hospitali itakujibu ukiandika barua rasmi yenye nakala ya karatasi, kuliko kupiga simu mapokezi.

Mfanyakazi wangu anaumwa kila Jumatatu. Nifanye nini?

Swali hili nalipata kuliko yote, na msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Iringa linaongezeka.

Anza na daftari. Bila rekodi, "kila Jumatatu" ni hisia tu. Chukua miezi sita iliyopita, andika tarehe alizokosa na sababu alizotoa. Mara nyingi utashangaa. Kuna meneja wa karakana aliyekuwa na hakika kwamba fundi wake anakosa Jumatatu, kumbe zilikuwa Jumatatu tatu na siku nyingine nyingi tofauti, na zote ziliangukia wiki za kupaka vanishi. Yule kijana alikuwa na pumu. Alipohamishiwa kwenye kupima na kukata, na mlango wa nyuma ukafunguliwa hewa ipite, tatizo lilipungua sana. Kama meneja angeandika barua ya onyo wiki ile, angempoteza fundi na ugonjwa ungebaki palepale ukimsubiri fundi mwingine.

Baada ya daftari, mwite mkae wawili, mlango umefungwa. Mwonyeshe tarehe, muulize kuna nini. Usianze na "unatega". Sababu nyingine ni nzito na mtu hawezi kuzisema mbele za watu: sukari, kifafa, kipigo nyumbani, mtoto mwenye sikoseli, ulevi. Mwombe aende kupimwa kwa gharama yako, ukimwelekeza daktari ajibu swali moja tu: mtu huyu anaweza kufanya kazi hii au hawezi, na kwa masharti gani?

Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ukibaini anaumwa kweli na ndiyo maana anakosa, hilo ni suala la uwezo wa kufanya kazi kutokana na afya, na linafuata utaratibu wa ugonjwa nitakaoueleza chini kwenye siku 126 zinapoisha. Ukibaini hakuumwa, au karatasi ni ya kughushi, hilo ni kosa la nidhamu. Hapo unamwandikia tuhuma, unampa muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, anaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, na anayeongoza kikao awe mtu ambaye hajahusika na tuhuma. Usiruke hatua hata kama ushahidi unao mkononi. Karatasi ya kughushi inaweza kumfukuzisha mtu kwa haki, lakini ukimfukuza bila kikao wewe ndiye utakayeshindwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi.

Amekaa zaidi ya wiki bila taarifa. Nimhesabu ameacha kazi?

Usikimbilie. Kanuni za 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini zaidi ya siku tano za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika kuwa kosa linaloweza kuleta kufukuzwa. Soma vizuri: "bila sababu inayokubalika". Mtu aliyelazwa hajakosa sababu, amekosa namna ya kuisema.

Piga simu yake, piga ya ndugu aliyeandikwa kwenye fomu ya ajira, tuma mtu anakoishi, andika barua ya kumtaka ajieleze na ubaki na nakala. Asipojitokeza baada ya hayo yote, ndipo uitishe kikao cha nidhamu, hata kama kitafanyika bila yeye. Aliyeandika tu "ameacha kazi mwenyewe" kwenye daftari la mahudhurio hana cha kuonyesha siku jamaa anaporudi na kadi ya kulazwa.

Siku alizougua naweza kuzikata kwenye likizo yake ya mwaka?

Hapana. Likizo ya mwaka ni siku 28, ya ugonjwa ni nyingine.

Na kumkata mshahara kama adhabu ya kuumwa mara kwa mara?

Hapana. Makato ya mshahara yanaruhusiwa pale tu sheria inapoelekeza au mfanyakazi alipokubali kwa maandishi. Siku asizokuwa na haki ya kulipwa hazilipwi, basi. Faini juu yake haipo.

Vibarua wa msimu je? Wachuma chai, wavuna mpunga, wapakiaji wa parachichi?

Hapa ndipo watu wengi wanapunjwa Nyanda za Juu Kusini, na wengine hawajui kama wanapunjwa.

Sheria haisemi kwamba anayelipwa kwa siku hana haki. Inatazama muda. Mtu aliyeajiriwa na mwajiri huyohuyo zaidi ya mara moja ndani ya mwaka, na jumla ya vipindi hivyo ikazidi miezi sita, anaingia kwenye haki za likizo zenye malipo. Wafanyakazi wa msimu nao wametajwa, kwamba kutofikisha miezi sita kwa mfululizo kusiwe sababu ya kuwanyima. Kwa hiyo mama anayechuma chai Mufindi kuanzia mvua zinapoanza hadi baridi inaposinyaza majani, akapumzishwa, akaitwa tena, huyo si "kibarua tu". Kumwandikisha upya kila mwezi kwenye karatasi mpya hakufuti miezi aliyokwisha kufanya.

Tatizo la kweli ni ushahidi. Mchumaji analipwa kwa kilo, na kilo zake zimeandikwa na karani wa mizani kwenye kitabu kinachobaki shambani. Akiugua hana karatasi hata moja yenye jina lake. Kama uko kwenye kazi ya namna hiyo, tunza kila kipande: tiketi za mizani, ujumbe wa malipo ya simu, kitambulisho cha kambi. Ujumbe wa malipo ya kila wiki mbili kutoka namba ileile ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo usifute.

Na mwajiri wa shamba, weka kambini mtu wa huduma ya kwanza na usafiri wa kumfikisha mgonjwa kituoni. Barabara za ndani za mashamba mwezi Machi unazijua mwenyewe.

Dada wa kazi za nyumbani naye ana haki hizi?

Ndiyo. Ni mfanyakazi kama wengine. Akiugua usimrudishe kwao Njombe kwa basi la asubuhi na nauli mkononi kana kwamba umemaliza. Mpeleke hospitali, apumzike, mlipe. Kama ametimiza miezi sita, siku 126 zinamhusu vilevile.

Mtoto wangu anaumwa, si mimi. Nina siku?

Sheria inatoa angalau siku 4 zenye malipo kwa mzunguko kwa ajili ya ugonjwa au kifo cha mtoto, au kifo cha mwenzi, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu wa kuzaliwa. Ni siku 4 kwa matukio yote hayo ndani ya mzunguko, na mzunguko wake nao ni miezi 36. Zaidi ya hapo ni makubaliano na mwajiri, na zinaweza kuwa bila malipo.

Kwa maoni yangu ni chache mno. Mama mwenye mtoto aliyelazwa hospitali ya Meta kwa nimonia wiki moja amezimaliza zote, na miaka miwili inayobaki hana kitu. Kumuuguza mzazi hakumo kabisa kwenye orodha, wakati kila mtu huku anajua mzazi akilazwa ni nani anayelala chini ya kitanda chake. Mwajiri mwenye uwezo aongeze. Njia mojawapo isiyoumiza biashara ni kumruhusu mtu abadilishane zamu na mwenzake, au atumie siku za likizo ya mwaka kwa ombi lake mwenyewe.

Je, mwajiri anaweza kunitaka nipime VVU, au niseme kama ninatumia dawa?

Hapana. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kumlazimisha mtu kupima na inalinda siri ya hali yake. Sheria ya ajira nayo inakataza ubaguzi kwa sababu hiyo.

Nalieleza hili kwa kirefu kwa sababu ya tunakoishi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 uliweka kiwango cha maambukizi kwa watu wa miaka 15 na zaidi kuwa asilimia 4.4 nchini, Njombe ilikuwa asilimia 12.7, Iringa 11.1, na Mbeya 9.6. Mwajiri mwenye watu thelathini ukanda huu karibu hakika ana wanaoishi na virusi, wanaofanya kazi vizuri kila siku, na hajui ni akina nani. Hahitaji kujua.

Kinachowaumiza ni siku ya kliniki. Mtu anahitaji asubuhi moja kila baada ya miezi kadhaa kuchukua dawa. Akilazimishwa kuonyesha kadi ya kliniki ili apewe ruhusa, ofisi nzima itajua kabla ya chai ya saa nne. Matokeo yake anaacha kwenda, dawa zinamwishia, anaugua kweli, na sasa unampoteza kwa miezi. Weka utaratibu wa ruhusa ya nusu siku kwa ajili ya kliniki, kliniki yoyote, ya sukari, presha, macho, wajawazito, na karatasi inayotakiwa iseme tu kwamba alihudhuria kituo cha afya tarehe fulani. Akiwa mmoja kati ya wengi wanaotumia ruhusa hiyo, hakuna atakayemnyooshea kidole.

Hali kadhalika kwenye daftari la wagonjwa. Safu ya "ugonjwa" iondoe. Jina, tarehe, idadi ya siku, karatasi imepokelewa au la: yanatosha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, kwa hiyo karatasi zenyewe zifungiwe kabatini, zisipigwe picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Hilo la WhatsApp linatokea sana, na linadhalilisha watu.

Mwenzetu amekutwa na kifua kikuu. Tunaogopa. Afukuzwe?

Hapana. Kifua kikuu kinatibika, na dozi ya kawaida ni miezi sita. Mgonjwa akianza dawa sahihi, kwa kawaida baada ya wiki mbili hivi uwezo wake wa kuambukiza unakuwa umeshuka sana, na daktari ndiye atakayesema lini arudi. Wengi wanamaliza dozi wakiwa kazini. Hofu yenu ifanyieni kazi kwa kwenda kupimwa wote mnaokaa naye chumba kimoja, na kwa kufungua madirisha, ingawa najua Juni pale Mafinga hakuna anayetaka kusikia habari ya dirisha kuwa wazi.

Nimeumia kazini. Hizo nazo ni siku zangu za ugonjwa?

Ajali ya kazini, au ugonjwa uliotokana na kazi, una njia yake: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mwajiri ndiye anayechangia, peke yake, na haruhusiwi kukukata senti kwa ajili hiyo. Mfuko unagharamia matibabu, na kama umeshindwa kufanya kazi kwa muda unakulipa fidia ya kipato.

Mambo yote yanategemea taarifa kutolewa mapema. Msumeno umekata kidole saa tano asubuhi: saa ileile msimamizi aandike, mashahidi wawili watajwe, hospitali waambiwe kwamba ni ajali ya kazini ili waandike hivyo kwenye faili. Mtu akiandikishwa kama "alijikata nyumbani" ili kiwanda kionekane hakina ajali, anapoteza fidia yake, na mwajiri anajikuta anabeba gharama ambazo tayari alizilipia kwa michango. Mfanyakazi, usikubali kuandikiwa hivyo hata ukiahidiwa kuangaliwa.

Amerudi, lakini daktari ameandika "kazi nyepesi". Mimi sina kazi nyepesi.

Karibu kila mahali ipo, ukikaa ukafikiri pamoja naye. Mbeba magunia anaweza kuhesabu mzigo unaoingia. Dereva aliyevunjika mguu anaweza kupanga safari ofisini. Mpishi anaweza kukaa kwenye kuchagua mchele na kukata mboga. Mwulize daktari muda: wiki mbili, mwezi? Kisha andika kwenye karatasi moja kazi atakayofanya na tarehe ya kuitazama upya, msaini wote. Asibaki kwenye kazi nyepesi mwaka mzima kwa kusahauliwa, wala asirudishwe kwenye magunia wiki ya pili kwa sababu lori limefika.

Siku 126 zimeisha na bado anaumwa. Sasa naweza kumwondoa?

Kuisha kwa siku kunamaliza malipo. Hakumalizi ajira kwenyewe.

Kanuni zinamtaka mwajiri atazame chanzo cha ugonjwa, ukubwa wake, kama ni wa muda au wa kudumu, na kama anaweza kumsaidia mfanyakazi aendelee kwa kubadilisha majukumu au kumpa kazi nyingine. Kama ugonjwa umetokana na kazi, wajibu wa kutafuta njia ni mkubwa zaidi. Katika yote mfanyakazi anashirikishwa, anapewa nafasi ya kusema, na anaruhusiwa kuwa na mwakilishi. Maoni ya daktari yawe mezani, ya maandishi.

Ikithibitika kwamba hawezi tena, na hakuna kazi nyingine ya kumpa, ajira inaweza kusitishwa kwa haki. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi ni siku 28. Analipwa siku za likizo ambazo hakuchukua. Kama ametimiza mwaka mmoja, analipwa kiinua mgongo cha mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliofanya, hadi miaka 10. Anapewa cheti cha utumishi. Na asaidiwe kufuatilia mafao yake NSSF, kwa sababu mtu anayeumwa hawezi kuwa anapanda na kushuka ngazi za ofisi.

Mwende nyumbani kwake. Barua ya namna hii isitumwe na bodaboda.

Nimefukuzwa nikiwa bado nimelazwa. Niende wapi?

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Zipo ofisi Mbeya na Iringa. Mgogoro wa kuachishwa kazi unafikishwa ndani ya siku 30 tangu ulipoachishwa. Madai mengine, kama mshahara wa siku za ugonjwa ambao hukulipwa, ni ndani ya siku 60. Unajaza Fomu Namba 1 na nakala unampelekea mwajiri. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda ukieleza sababu, na kulazwa ni sababu ya kueleweka, lakini usilitegemee hilo. Mtume ndugu aanze kuulizia ungali wodini. Tunza kadi ya kulazwa, karatasi ya kuruhusiwa, barua ya kufukuzwa kama ipo, na ujumbe wote wa simu. Mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuwa na sababu halali na alifuata utaratibu.

Hatuna utaratibu ulioandikwa. Tuanzie wapi?

Anzeni na ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, ubandikwe pale watu wanaposaini asubuhi. Sheria tayari inamtaka mwajiri abandike haki za wafanyakazi mahali zinapoonekana, hivyo ukutani patakuwa pameshapatikana. Huu hapa unaweza kunakiliwa na kubadilishwa majina:

"Ukiumwa, mjulishe msimamizi wako kabla ya saa moja na nusu asubuhi kwa simu au ujumbe. Kama huwezi, ndugu au jirani anaweza kutoa taarifa kwa niaba yako. Namba za kupiga ni mbili, zimeandikwa hapa chini. Kwa siku moja au mbili, taarifa inatosha. Kuanzia siku ya tatu, leta karatasi ya kituo chochote cha afya kilichosajiliwa, au itume kwa picha kwa msimamizi peke yake, kisha uje na karatasi yenyewe siku ya kurudi. Huhitaji kumwambia mtu yeyote unaumwa nini. Siku ya kurudi utakaa na msimamizi kwa dakika chache kuona kama uko tayari na kama kuna kazi usiyoiweza kwa sasa. Ukiumia ukiwa kazini, sema hapohapo, hata kama ni jeraha dogo. Ruhusa ya kliniki ni nusu siku. Omba siku moja kabla. Asiyetoa taarifa yoyote atatafutwa kwanza, kisha ataitwa kujieleza."